Njia ya Tano

Hapa mtaani kwetu Ilomba, Mbeya, mafundi umeme si haba. Simama dukani utaje neno soketi, watatokea watatu kabla hujamaliza soda yako. Lakini ukisikia mtu anasema "Fundi" tu, bila kuongeza jina wala mtaa, ujue anamaanisha mwanamke mmoja mfupi, mwenye mabega mapana na suruali ya kaki, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Tuliishi ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne. Jina lake nalijua, lakini yeye mwenyewe hakupenda litumike kazini. "Jina ni la kanisani na la kitambulisho," alisema. "Kwenye nyumba za watu mimi ni fundi."

Hakuanza kazi kwa kufungua kisanduku cha breka. Alianza kwa kuzunguka nyumba, chumba kwa chumba, na kipande cha boksi mkononi cha kuandikia. Alifungua jiko, alichungulia bafu, aliuliza pasi inachomekwa wapi. Kisha aliuliza swali ambalo wengi waliliona la umbea: "Hapa nani anaamka wa kwanza?"

Siku moja mwenye nyumba alimjibu kwa kiburi kwamba hajamwita kuhesabu watu. Fundi hakukasirika. Alimwambia, "Baba, kama wote mnaamka saa kumi na mbili, mmoja anachemsha chai, mwingine anaoga maji ya hita, mwingine ananyoosha sare, basi nyumba yako saa kumi na mbili ni kubwa kuliko saa nne. Mimi naijengea ile ya saa kumi na mbili." Yule baba aliita watoto wake wote waje wahesabiwe.

Wapo waliomtazama mlangoni na kumuuliza fundi yuko wapi. Jibu lake lilikuwa kuvua viatu, kuingia, na kuuliza swichi kuu iko upande gani. Hakuwahi kuhutubia mtu juu ya jambo hilo. Nilipomuuliza kama halimuumi, alisema linamuuma sana, ila kazi ya mtu huyo bado inamsubiri.

Jambo lililompa sifa hapa kwetu ni vile visanduku vilivyojaa. Nyumba zetu Ilomba tunazijenga kidogo kidogo. Unaanza na vyumba viwili na sebule, unaweka kisanduku cha njia nne: moja ya taa, moja ya soketi, moja ya jiko, moja ya pampu ya maji. Kila njia ina breka yake, ile swichi ndogo inayojizima yenyewe mzigo ukizidi. Miaka inapita. Unaongeza chumba, unanunua friji, baridi ya Juni inakufundisha kuweka hita bafuni. Nyumba imekua, kisanduku ni kilekile. Hapo ndipo fundi wa haraka anapokuja, anabana waya mbili chini ya skrubu moja, na breka ikilalamika anaweka kubwa zaidi. Umeme unawaka, mnashikana mikono, anaondoka.

Fundi wetu hilo hakulifanya. Jirani yetu mwenye saluni alimwita akitaka kuongeza mashine tatu za kukaushia nywele.

"Fundi, hiki kisanduku kimejaa, si uweke tu breka kubwa?"

"Waya wa ukutani je? Nao nitaufanya mkubwa kwa kubadilisha breka?"

"Mwenzako kasema inawezekana."

"Inawezekana. Hata kulala na jiko la mkaa ndani inawezekana."

Akafunga mfuko wake wa zana akaondoka. Mwenye saluni alimwita yule mwenzake, na kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Baada ya miezi michache soketi moja iliyeyuka kama mshumaa, mteja akiwa kwenye kiti na dawa kichwani. Fundi aliitwa tena. Ningependa kusema kwamba alikuja kwa unyenyekevu, lakini sivyo. Alikuja akitabasamu. Alimshika mwenye saluni mkono, akamwekea kiganja ukutani pale waya ulipopita, ukuta bado una joto, akamwambia, "Sikiliza. Ukuta wako una homa." Aliurudia msemo huo kwa kila mtu mtaani kwa muda wa wiki nzima. Alijipenda kidogo, Fundi. Akifanya jambo zuri alitaka lijulikane, na akishinda ubishi hakuuacha upoe. Lakini ile saluni aliifunga waya upya kwa siku tatu, akaiwekea kisanduku cha pili, na mpaka leo mashine zote zinawaka pamoja.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtu huyu aliyeshika nyaya kila siku aliogopa radi kuliko watoto wachanga. Mvua za Mbeya zikianza kunguruma alichomoa kila kitu, akakaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, blanketi mpaka kidevuni. "Umeme wa waya nautambua," alisema. "Ule wa juu hauna swichi." Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na taa tatu na soketi moja ya kuchajia simu. Alipikia mkaa. Ukimcheka alijibu kwamba kinyozi hajinyoi. Alikuwa mkali kwa wauza vifaa. Aliwahi kumrudishia muuza duka rola zima la waya mbele ya wateja, akiwaonyesha jinsi shaba ilivyokuwa nyembamba chini ya plastiki nene. Mkali huyohuyo akikuta nyumbani kwako kuna bibi anayeogopa kugusa swichi, angekaa naye nusu saa, amshike kidole mpaka azime na kuwasha mwenyewe. Hakuna nyumba aliyoikabidhi kabla kila mtu wa humo hajajua kuzima swichi kuu.

Nasimulia ya wengine, lakini deni la moyo nililonalo kwake ni la mama yangu.

Mama alikuwa mkulima wa mpunga Madibira maisha yake yote. Mapafu yalipomchoka, daktari aliniambia hatarudi tena kijijini. Atakaa kwangu, na atapumulia mashine ya oksijeni mchana na usiku. Tukaletewa mashine, tukapewa na mtungi mmoja wa akiba kwa saa ambazo umeme umekatika. Nesi alinieleza kwamba mtungi ule ungemtosha mama saa tatu hivi.

Siku ya kwanza tu niliona hatari. Pasi ilipochomekwa huku birika la umeme likichemka, breka ya soketi iliruka na mashine ya mama ikanyamaza. Nilikimbia kuiwasha tena, lakini nilikuwa nimeshauona uso wake. Alikuwa ameushika ukingo wa kitanda.

Fundi alikuja asubuhi iliyofuata. Alizunguka nyumba na boksi lake kama kawaida, akamaliza kwenye chumba cha mama.

"Kamwene, mama," alimsalimia. Yeye kwao ni Iringa, na salamu hiyo, inayofahamika mpaka Madibira, ilimfanya mama ainue kichwa.

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mama. Nataka mashine yako iwe na njia yake peke yake. Mtu akipika, akioga, akinyoosha nguo, wewe usijue. Shida ni kwamba kisanduku cha mwanao kina njia nne na zote zimejaa."

Mama alipumua kidogo kabla ya kujibu. Maneno aliyatoa machache machache. "Kama mifereji. Ukifungulia mashamba yote... mfereji mmoja... wa mwisho hapati maji. Huwezi kuupanua mfereji kwa kuinua geti la maji. Unachimba mwingine. Tena toka kule juu."

Fundi alikaa kitandani bila kukaribishwa. "Mama, hebu sema tena."

Mama akarudia. Tangu siku ile Fundi aliwaeleza wateja wake wote habari za mifereji na geti, kana kwamba alizaliwa shambani Madibira, na sikuwahi kumsikia akisema alipoipata. Mama alipopata habari kwamba hekima yake inatembea mjini bila jina lake, alicheka mpaka tukaogopa kwa ajili ya kifua chake.

Shauri lilikuwa hili: kisanduku kipya cha njia nane mahali pa kile cha zamani, na njia ya tano iwe ya mama. Fundi aligoma kuzima umeme mpaka kila kitu kiwe tayari. Siku nzima alifanya kazi mashine ikinguruma chumbani: alifunga kisanduku kipya pembeni, akapitisha waya wa mama juu ya dari mpaka kando ya kitanda, akafunga soketi yake. Kesho yake saa nne asubuhi tulimhamishia mama kwenye mtungi. Fundi alitazama saa yake ya mkononi, akaniambia, "Mama Atu, kaa naye. Saa moja na nusu inanitosha." Akazima swichi kuu.

Baada ya nusu saa nilisikia kimya upande wake. Nilipotoka nilimkuta amesimama mbele ya ukuta, amekishika kichwa cha waya mkuu, ule unaoleta umeme wote kutoka swichi kuu mpaka kisandukuni. Mwisho wake ulikuwa mweusi, na ngozi ya waya ilikatika vipande mkononi mwa Fundi kama ganda la yai.

"Huu hauna uhai," alisema. "Nikiukata mpaka pazima, haufiki. Na waya wa unene huu sina. Itabidi nifuate mjini, nichimbe plasta yote hii. Ni kazi ya siku mbili."

"Na mama?"

"Nipe dakika moja, nifikirie."

Nilimwona akifikiri. Alifumba macho kabisa, midomo ikihesabu. Kisha alichukua waya mpya aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya jiko langu, akaupima kutoka swichi kuu mpaka kisanduku kipya, ukafika. "Huu ni mwembamba, hauwezi kubeba nyumba. Lakini mashine ya mama utaibeba bila kutoka jasho. Leo na kesho nyumba yako ina njia moja tu, Mama Atu. Hamtakuwa na taa, friji, wala maji ya pampu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Atakayechomeka simu kwenye soketi ya mama nitamkata mkono."

Alifunga breka moja ndogo peke yake ndani ya kisanduku kitupu. Akavuta penseli kutoka kwenye kilemba akaandika ukutani, herufi kubwa: MAMA TU. Alipowasha swichi kuu, nyumba nzima ilibaki kimya isipokuwa ule mngurumo wa chumbani. Mtungi ulikuwa bado na nusu. Nilimkuta mama amefumba macho, anapumua, na Fundi amesimama mlangoni ameegemea fremu, uso umelowa jasho, akitikisa kichwa kwa kufuata mdundo wa mashine kama mtu asikilizaye kwaya.

Siku mbili tulipikia mkaa na kuchota maji kwa majirani. Siku ya tatu waya mkuu mpya ulikuwa umeingia ukutani, njia zote zimekaa mahali pake, na tatu bado tupu. "Hizi usizijaze kwa sababu zipo," aliniagiza. Mama aliishi nasi miaka miwili na miezi mingine juu yake. Alipofariki, alifariki kwa ugonjwa wake na wakati wake. Mashine yake haikunyamaza tena hata mara moja kwa sababu ya birika langu. Msibani Fundi alikaa na wanawake jikoni siku zote tatu, akamenya viazi, na hakugusa waya wowote, ingawa nilimwona akiikodolea macho ile taa waliyoining'iniza vijana kwenye turubai.

Miaka mitatu iliyopita mtoto wa jicho alimfunga macho yote mawili, moja vibaya zaidi. Alihamia kwao Iringa kwa mdogo wake. Mtaa ulipungukiwa, watu waliendelea kusema "Fundi" na kukumbuka katikati ya sentensi.

Mwaka huu nilikwenda Iringa kwenye harusi ya mpwa wangu, na asubuhi ya Jumamosi nikaenda kumwona. Nilimkuta barazani amevaa suruali yake ya kaki. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza hodi.

"Mama Atu. Umekuja na viatu vya kutembea?"

"Kwa nini?"

"Kuna nyumba nataka unipeleke. Mwanafunzi wangu anakuja na zana. Macho yake ninayo, nataka na bega la kushika."

Njiani, tukipanda kilima polepole, mkono wake begani kwangu, alinieleza. Nyumba hiyo aliifanyia kazi alipokuwa fundi mpya, mwanamke peke yake kati ya mafundi aliowajua. Kisanduku kilikuwa kimejaa, na mwenye nyumba alitaka njia ya jiko la umeme siku hiyohiyo. Fundi alimwambia haiwezekani bila kisanduku kingine. Yule bwana akamwambia kama hawezi aseme, aitwe mwanaume.

"Nikaweza," alisema Fundi. "Nilibana waya mbili kwenye breka moja, nikaweka breka kubwa. Nikasifiwa. Miaka yote ile nawagombeza watu Ilomba, nilikuwa naigombeza nyumba hii."

Nilikuwa nimemjua miaka hiyo yote kama mtu asiyekosea.

Mwenye nyumba sasa ni mzee wa fimbo. Alitusikiliza akiwa nyuma ya geti, hakufungua. Alisema matapeli wamezidi mjini, na kwamba nyumba yake haijawahi kujizima hata siku moja tangu ifungwe umeme.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee," Fundi alimjibu. "Ilipaswa kujizima."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Ni mimi niliyekufungia. Nilikosea. Nimekuja kurekebisha, sitaki kitu kwako."

Mzee akaingia ndani. Mwanafunzi, dada wa makamo aliyetukuta pale na mfuko mzito wa zana na kisanduku kipya, alinong'ona kwamba tuondoke. Fundi akapapasa, akakuta jiwe pembeni ya geti, akaketi. Tulikaa pale jua likipanda. Watu waliopita walitusalimia na kugeuka kututazama. Mwisho geti lilifunguka, mzee akasema tupite, lakini atasimama hapohapo atazame kila kitu.

Umeme ukazimwa, mwanafunzi akafungua kisanduku. Fundi aliwekewa kigoda chini yake.

"Waya ni nyeusi?" akauliza.

"Ni nyeusi, Fundi."

"Weusi umefika wapi?"

"Umeingia kwenye ubao nyuma ya kisanduku. Ubao umeanza kuwa mkaa."

Mzee aliinama na fimbo yake akachungulia. Akanyoosha kidole, akakirudisha. Hakusema tena habari za matapeli. Alikwenda ndani akarudi na kiti chenye mto, akamtoa Fundi kwenye kigoda.

Kazi iliwachukua mpaka alasiri. Kisanduku kipya kikafungwa, jiko likapata njia yake. Fundi aliomba apelekwe mkono kwenye kila skrubu, akazipima moja moja kwa ncha za vidole, na mbili akaamuru zikazwe tena. Kisha akamgeukia mzee, au pale alipodhani mzee yupo, akamwambia, "Mzee, nisamehe. Siku ile niliogopa."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Siku ile," alisema, "hata mimi nilisema neno baya. Nalikumbuka."

Tulipokuwa tunatoka, jirani yake alichungulia juu ya ua akauliza kulikoni, umeme umeharibika? Mzee aliinua fimbo kumwita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeonyesha ng'ombe wake bora.

"Njoo! Njoo umwone fundi wangu. Kakosea ujanani, kapanda kilima hiki uzeeni, haoni, kuja kuniambia. Umewahi kuona fundi wa namna hiyo wewe?"

Jirani alikuja mbio kidogo, akampa Fundi mikono yote miwili kwa heshima, akampa na mwanafunzi. Kisha akanigeukia mimi, niliyesimama pale na mkono wa Fundi begani, vumbi mpaka magotini.

"Na wewe, mama, nawe ni fundi?"

"Hapana," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mimi ni jirani yake."